Kunguru waliijua ratiba yangu kuliko mimi mwenyewe

Nianze na kunguru, maana ndo alienifungua macho, japo kwa kunitia hasara kwanza.

Mi naishi Mabwepande, upande wa kuelekea lile pori la Pande. Kiwanja tulinunua 2010, tukahamia 2013 nyumba haina hata silingibodi, huku kulikuwa bado vichaka, mikorosho na mihogo ya wenyeji, na wale wenzetu wa mabondeni waliopewa viwanja baada ya mafuriko ya Desemba 2011 walikuwa ndo wananyanyua kuta. Kazi yangu ushonaji, cherehani iko sebuleni, kwahiyo nashinda nyumbani, na mtu wa kushinda nyumbani Dar hii usipofuga kuku watu wanakuona mvivu. Nikaanza na vifaranga hamsini, chotara.

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua banda, namwaga pumba na dagaa wa kusaga, narudi jikoni kubandika chai, nikitoka tena kifaranga mmoja hayupo. Kesho hivohivo. Nikasema ni paka wa jirani. Nikaenda kugombana na mama wa watu mpaka leo nikikumbuka naona aibu, maana paka mwenyewe alikuwa anachechemea mguu mmoja, hata panya alikuwa hawezi kumkamata. Ndani ya wiki mbili nimeshapoteza kumi na mmoja.

Siku moja nikasema chai isubiri, nikajibanza nyuma ya pazia. Wakaja watatu. Mmoja katua kwenye bati, mmoja juu ya nguzo ya umeme, wa tatu akashuka chini anatembea taratibu kama mtu aliyekuja kudai deni ila hataki kuonekana ana haraka. Vifaranga wanakula, yeye anazunguka. Hakamati. Nikashangaa anasubiri nini. Nikasimama pale kama dakika kumi miguu inauma, hakuna kilichotokea, nikaona hawa wanaonewa tu, nikaenda jikoni. Mlango wa jikoni kwangu ulikuwa na bawaba yenye kutu, ukiufunga unalia kwiiii. Nimeufunga tu, nikasikia kuku mama amepiga kelele. Nimetoka mbio nakuta yule wa chini yuko juu ya ukuta na kifaranga mdomoni.

Kumbe alikuwa anasubiri mlango ulie! Yaani kwake ile kwiiii ilikuwa maana yake huyu mama kaingia, ana kama dakika tano za chai. Mi mwenyewe ile sauti nilikuwa nimeshaacha kuisikia, miaka yote hiyo, ila yeye kaipigia hesabu.

Nikachukua mafuta ya cherehani nikaitia bawaba, ikanyamaza. Siku mbili kunguru wakachanganyikiwa, wanakuja, wanakaa, wanaondoka bila kitu. Siku ya tatu kifaranga mwingine kaenda. Nadhani walihamia kwenye moshi wa jiko, sina uhakika, ila walipata njia nyingine.

Sasa baba watoto yeye aliwahi kuwapiga manati mara moja tu, siku moja ya Jumapili, akampata mmoja ubawa. Tangu siku hiyo akitoka nje na koti lake la bodaboda wote wanapaa wanamtukana mpaka anapotelea barabarani. Nikasema basi dawa ni koti. Asubuhi nikavaa koti la mume wangu na helmeti, nikatoka kulisha kuku. Wakakimbia! Siku nne nzima amani, majirani wananicheka mi najiona mjanja. Siku ya tano yule wa kwenye bati kainamisha shingo kaniangalia, juu koti na helmeti, chini kanga na kandambili. Akatulia zake. Ikawa ndo mwisho wa koti.

Kijana wangu wa kidato cha nne akaniambia mama usishangae, kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, mwaka 2006 walivaa kinyago wakawa wanawakamata kunguru kisha wanawaachia, basi miaka na miaka baadae kunguru wakiiona sura ya kile kinyago tu wanaivamia kwa makelele, hata wale ambao hawakuwahi kukamatwa, wamefundishwa na wenzao. Kule ni aina nyingine ya kunguru, lakini nilivosikia vile nikamwambia mwanangu hawa wa kwetu na wao shule wamepita, tena bila ada.

Nikaenda kuomba ushauri kwa mzee mmoja jirani, Mzaramo, mgema, amezaliwa hukuhuku kabla ya viwanja. Nikamwamkia shikamoo babu, nikamweleza. Akacheka sana. Akasema, "Mwanangu, huyu si wa hapa. Wa hapa yule mwenye kifua cheupe. Huyu mweusi kaja kwa jahazi."

Na kweli, hawa weusi wenye shingo ya kijivu asili yao India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 enzi za Waingereza ili wasafishe taka za mji, ndo maana mpaka leo watu wanawaita kunguru wa Zanzibar. Taka hawakuzimaliza ila walizaana, wakavuka maji mpaka Dar, wakawafukuza kunguru wa asili na kula mayai ya ndege wadogo. Kwao India kuna ndege anawatagia mayai kwenye viota vyao ili wamlelee watoto, angalau anawapunguza, huku kwetu huyo hayupo. Serikali imejaribu sumu, imejaribu mitego, wanapungua wanarudi. Na unawalaumu vipi wakati sisi ndo tunawapikia? Nilipoangalia vizuri nikaona mimi mwenyewe matumbo ya samaki nilikuwa natupa nyuma ya choo, jirani anatupa ukoko wa ugali, mbele kuna bucha na kibanda cha chipsi. Tulipokata matawi ya mwarobaini tukashusha kiota chao, chote ni waya wa kufungia nondo na hanga za nguo, vijiti hata havifiki kumi, na pale katikati alipolalia mayai kulikuwa na kipande cha lesi yangu ya rangi ya maziwa, nilikitafuta siku mbili nikamsingizia fundi mwenzangu.

Babu akaniambia weka wavu juu, vifaranga wasitoke mpaka wawe wakubwa, chakula kiliwe ndani, matumbo fukia. Ndo nilichofanya. Nikatumia wavu wa samaki uliochakaa, nilinunua kwa bei ya kutupa. Toka hapo kunguru hajachukua tena kifaranga kwangu, ila hawajaondoka, wamehamia kwa jirani wa tatu anayefuga bata.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa, hili silipendi kulisimulia.

Ukifuga kuku unafuga na panya. Pumba ipo, mashudu yapo, panya anakosaje? Nyumba ya jirani upande wa kulia ni pagala, mwenyewe alinyanyua mpaka lenta akakwama, na ndani ya lile pagala kulikuwa na bundi, wale weupe usoni kama wamepakwa unga. Usiku wanatoa sauti kama mtu anayechanwa nguo, na mi najua sauti ya nguo ikichanwa. Majirani wakasema hao wametumwa. Mama mmoja akataka tuchange tuite mtaalamu. Mi sikuchanga, lakini nilikuwa naogopa, usiku nikisikia nasoma dua.

Basi panya walipozidi nikanunua sumu sokoni, zile pakiti ndogondogo zinazouzwa na wale wenye spika, nikachanganya na dagaa, nikaweka kila kona. Panya wakaanza kufa kweli. Wengine walikuwa wanatoka mchana wanayumba uwanjani, hawana hata nguvu za kukimbia. Baada ya kama siku sita, asubuhi nafagia, nakuta bundi chini ya mwembe. Mabawa yametawanyika. Nikamgeuza kwa ufagio, mwepesi jamani, sikutegemea, ukimwona usiku unadhani ni mkubwa kama kuku lakini uzito hakuna, ni manyoya matupu, na damu kidogo puani. Kesho yake mwenzie nikamkuta ndani ya pagala, pembeni ya rundo la vidonge vya mifupa na manyoya ambavyo bundi huwa wanatapika. Nikavipasua kwa kijiti. Mafuvu ya panya. Kidonge kimoja mafuvu matatu, kingine manne. Rundo lenyewe lingejaa ndoo ya lita kumi.

Yaani nilikuwa na walinzi wawili wa bure wa kila usiku, tena walikuja wenyewe baada ya sisi kujenga na kuacha pagala, nikawaua kwa panya wangu niliyemtia sumu. Panya wakapotea kama mwezi, halafu wakarudi kwa fujo, mpaka ndani ya kabati la vitambaa wakatoboa gauni la bibi harusi la mteja. Lile gauni nililipa. Bundi wengine walichukua karibu miaka mitatu kuja, na waliporudi nilikuwa naomba Mungu yule mama asianze tena habari ya mchango.

Taa nayo ilinifunza. Baada ya wizi wa betri mtaani baba watoto akafunga taa kubwa nyeupe nje, zile za sola, inamwaga mwanga mpaka barabarani. Wiki ya kwanza wadudu. Wiki ya pili mijusi kafiri, nikahesabu tisa ukutani, kila mmoja na eneo lake, ukisogea wanapigana. Mvua za masika zikaanza, kumbikumbi wakaja kwa maelfu, chini ya taa wakajipanga vyura wanameza bila hata kuruka, wanafungua mdomo tu. Na nani anakula vyura na mijusi? Siku moja saa mbili usiku binti yangu katoka kuanua nguo, akarudi bila nguo, bila sauti. Nyoka wa kahawia, mwembamba kama bomba la maji la nusu inchi, kajiviringisha kwenye nguzo ya kibaraza chini ya taa, katulia kabisa anaangalia juu ukutani.

Babu akaja na tochi akamwangalia, akasema huyu hana neno, mwacheni aende, akaenda. Ila akauliza, "Na hii jua mmeiwasha ya nini usiku?" Tukabadilisha, tukaweka balbu ya njano yenye mwanga mdogo, wadudu wakapungua sana, mijusi wakabaki watatu, vyura wakarudi kwenye mtaro wao. Nyoka sijamwona tena kibarazani. Sisemi hayupo.

Kenge nipite haraka, yeye alikuwa anaingia na bomba la maji machafu chini ya fensi, anakula mayai saa nane mchana jua likiwa kali, muda ambao kila mtu kalala. Tukaziba bomba kwa nondo, tukainua viota vya kutagia vikawa juu. Basi. Kwenye msafara wa mamba yumo, kwenye msafara wa kuku pia yumo. Na tumbili wanatoka porini wanakuja kwenye mipapai siku ya Ijumaa mchana wanaume wakiwa msikitini, nilidhani natania mpaka nikaandika kwenye kalenda. Ukipita Mikumi kwenye ile barabara inayokata hifadhi kama kilomita 50, utaona nyani wamekaa pembeni wanaangalia mabasi kama wasafiri waliochelewa, wameshajua gari likipunguza mwendo kuna mtu atatupa ganda la ndizi, na kibao cha kukataza kipo palepale.

Komba ndo nampenda kuliko wote.

Waswahili tunasema mtu amelewa kama komba, mi nilikuwa natumia tu huo msemo bila kujua umetoka wapi. Babu akanionyesha. Zamani alikuwa anagemea kwenye kibuyu, siku hizi chupa ya plastiki ya maji iliyokatwa shingo, kaifunga kwenye karara la mnazi, na komba usiku anapanda anakunywa tembo, ile pombe ya mnazi, mpaka anashindwa kushuka. Babu anasema kuna siku alimkuta asubuhi kalala kwenye makuti, akamgusa, akafungua jicho moja akalifunga. Hakumfanya kitu. "Mteja," akasema.

Lakini minazi imekatwa. Kila anaenunua kiwanja anaanza na kukata mnazi, anaogopa nazi itaangukia gari ambalo bado hajanunua. Ya babu imebaki sita tu. Sasa komba wamehamia kwenye simtenki zetu, usiku unasikia kibum juu ya mfuniko halafu kilio kama mtoto mchanga, wageni wakilala kwetu hawalali. Wanakunywa maji yanayotiririka kwenye bomba, wanakula maembe, na kwa sababu miti haigusani tena wanatembea kwenye nyaya za umeme kutoka nguzo hadi nguzo. Ukimwona gizani na yale macho yake utasema huyu nyaya ziliwekwa kwa ajili yake. Kuna mwaka komba mmoja akagusa mahali pasipo penyewe karibu na transfoma, mlio mmoja, mtaa mzima giza mpaka saa nne asubuhi. Watu wakalalamikia nyama za kwenye friji. Ndo maana mwaka 2024 shirika la reli liliposema ngedere na bundi ndo walisababisha treni ya umeme ikwame njiani, watu walicheka sana mitandaoni wakasema visingizio, mimi sikucheka. Mi nimemzika komba wa transfoma kwa mikono yangu.

Kijana wangu alinisomea pia utafiti uliotoka mwaka 2018 kwenye jarida la Science, walikusanya tafiti za aina 62 za mamalia, mabara sita, wakaona kwamba karibu na binadamu wanyama wanasogeza shughuli zao usiku. Hata wa mchana. Nikamwambia babu, akasema hilo mbona analijua, nguruwe pori wa Pande zamani alikuwa anakutana nao saa kumi jioni wakichimba mihogo, sasa hivi anaona mashimo tu asubuhi. Wamebadilisha shifti.

Halafu akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Akasema, "Unawaona hawa wajanja tu, mwanangu. Wasio wajanja huwaoni, maana hawapo." Akaanza kutaja, paa wadogo waliokuwa kwenye kichaka pale ilipo bucha. Sange, yule mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, anapita mbio kwenye majani makavu. Sange bado wapo misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, lakini yeye bila majani makavu yaliyojaa chini hana maisha, anatafuta wadudu humo na kiota chake anajenga kwa majani hayohayo. Hawezi kujifunza bati. Hawezi kujifunza jalala. Na sisi asubuhi jambo la kwanza ni nini? Ufagio. Uwanja ukiwa na jani moja unaonekana mchafu, mkwe atasema nini. Mi nilikuwa nafagia mpaka chini ya mikorosho, mistari imenyooka kama nimechana nywele.

Kona ya nyuma nimeiacha sasa mwaka wa pili, mikorosho miwili na majani yake. Baba watoto hapendi, anasema panaleta nyoka, na siwezi kumbishia moja kwa moja. Sange hajaja wala sitegemei, pori lenyewe liko mbali na katikati kuna barabara na nyumba mia. Waliokuja ni konokono, jongoo, mijusi ile yenye mkia wa bluu, na ndege mmoja wa kahawia anayechakura majani kama kuku, sijui jina lake, babu naye alimsikiliza akasema alimsahau kwa muda mrefu.

Kuku wamefika mia na ishirini. Mwezi uliopita mafuta ya cherehani yaliniishia nikawa nasahau kununua, na bawaba ya mlango wa jikoni imeanza kulia tena. Jumatatu nimeufunga, kwiiii, sijafika hata jikoni katikati, nasikia kucha kwenye bati. Nimetoka. Kunguru mmoja, peke yake, kainamisha shingo anaangalia uwanja. Ni miaka mingapi tangu nilipoinyamazisha ile bawaba? Hakuona kifaranga, wavu upo. Akaniangalia mimi, akaangalia mlango, akaniangalia tena. Nikaenda dukani kununua mafuta.